Fedha Mkononi, Njaa Tumboni

Wengi wenu mmetuuliza habari za safari yetu ya Uingereza, na kila tukianza kusimulia twajikuta tumefika mahali pale pale: kwenye kaunta ya mgahawa mmoja wa vyakula vya haraka, asubuhi moja ya baridi kali, mwezi Januari 2024. Makanisa makubwa tuliyaona, na mto Thames na madaraja yake tuliyaona. Hayo yatasimuliwa na wengine. Sisi tumerudi na swali, nalo limekataa kutuachia tangu siku ile, hata tumeona afadhali tuliweke mbele yenu kwa maandishi.

Hali ilikuwa hivi. Tulikuwa pamoja na mama watoto, tukingoja garimoshi la kwenda kwa binti yetu, ambaye ni muuguzi huko. Tukaingia katika mgahawa ulio karibu na stesheni tupate chai. Wale waliozoea hoteli zetu za hapa nyumbani, ambako mtu huketi, akala, kisha ndipo akaulizwa fedha, yawapasa wajue kwamba migahawa ya namna ile haiendi hivyo. Mtu husimama foleni, husema atakacho, hulipa, ndipo hupewa chakula chake. Na kulipa huko ndiko kulikobadilika. Mbele ya keshia kuna kijisanduku kisichozidi ukubwa wa kitabu cha nyimbo. Mteja husogeza kadi yake ya benki karibu nacho, bila kuichomeka popote na bila kubonyeza namba ya siri. Kijisanduku hulia "pii", basi, fedha zimehama. Sisi nasi tulikuwa na kadi ya benki yetu ya hapa, ile inayopokea pensheni, yenye alama ya mistari minne iliyopinda kama mawimbi. Tuliigusisha kwa hofu kidogo. Ikalia. Tukapewa chai.

Nyuma yetu alikuwa mzee mmoja, mwenyeji wa nchi ile, amevaa koti zito lililochakaa mikononi lakini safi. Aliomba chai na mkate wenye yai, akafungua kiganja, na ndani yake mlikuwa na sarafu. Yule binti wa kaunta akamwonyesha kibao kidogo tusichokuwa tumekitambua sisi: Kadi tu. Mzee akasema hana kadi. Binti akasema, kwa upole kabisa, kwamba anasikitika, hawapokei fedha taslimu. Mzee akazitazama sarafu zake kana kwamba ndizo zilizokosea.

Tukafanya kile ambacho, tunaamini, wengi wenu mngefanya. Tukainua kadi yetu tukasema, "Bwana, turuhusu sisi tulipe." Mzee akageuka akatutazama, akajibu, "Nashukuru, lakini mimi siombi. Fedha ninazo."

Tukatahayari. Nyuma foleni imekuwa ndefu, na sisi tumesimama na kadi yetu hewani kama mtu aliyetoa mkono wa salamu ukakataliwa. Ndipo mama watoto, ambaye Kiingereza chake si kingi lakini akili zake ni nyingi, akafungua kiganja chake mbele ya yule mzee akamwambia, "Wajukuu zangu wataka sarafu za hapa. Niuzie mimi hizo." Mzee akacheka. Akazihesabu moja moja kiganjani mwake, pauni 3 na peni 80, sawasawa na bei iliyoandikwa. Sisi tukagusisha kadi. Naye akapewa chai na mkate wake. Alitushukuru kama mtu amshukuruvyo mwenye duka, kwa kichwa tu, akaenda kuketi dirishani.

Sarafu zile tunazo hapa mezani tunapoandika. Zote zina sura ya marehemu Malkia Elizabeth. Msomaji ataikumbuka ile dinari na swali kuhusu sura iliyo juu yake. Sisi tulilikumbuka palepale. Hapa palikuwa na mtu katika nchi yake mwenyewe, ana fedha zenye sura ya mtawala wake, amekataliwa mkate. Na sisi wageni tuliotoka Afrika juzi, na kadi ya benki ambayo yule binti hakuwahi kuisikia, tumehudumiwa bila kuulizwa jina. Swali letu basi ni hili: je, yule mzee alidhulumiwa? Na kama alidhulumiwa, ni nani aliyemdhulumu?

Kabla ya kujibu, yafaa tueleze jinsi mambo yalivyofika hapo, maana hayakuja kwa siku moja. Kadi za benki zilikuwapo miaka mingi, lakini zilikuwa za manunuzi makubwa: friji, tiketi ya ndege, suti. Kwenye kaunta ya chipsi na hambaga sarafu ilikuwa na ngome yake ya mwisho, kwa sababu biashara ile ni ya fedha ndogo na ya haraka, na kuchomeka kadi na kuandika namba ya siri kulichukua muda mrefu kuliko kuhesabu chenji. Kadi ya kugusisha ndiyo iliyoivunja ngome hiyo. Yenyewe haina betri. Ndani ya plastiki yake umezungushwa waya mwembamba sana, na kile kijisanduku hutoa mawimbi ya redio yanayoipa kadi nguvu ya kujibu ikisogezwa umbali wa sentimita chache. Kila malipo hupewa ishara ya siri ya mara moja tu, ambayo haifai tena kwa malipo mengine. Ni kazi ya akili nyingi, nasi hatuidharau.

Huko Hong Kong watu walianza mwaka 1997 na kadi iitwayo Octopus, kwanza kwa nauli, kisha kwa chakula. Marekani, kampuni ya McDonald's ilikubali mwaka 2004 kupokea malipo ya namna hii. Mjini London benki ya Barclays ilizileta kadi hizi mwaka 2007, na mteja hakuruhusiwa kulipa zaidi ya pauni 10 kwa mgusisho mmoja, kiasi cha mlo wa mchana na chenji ikabaki. Mwaka 2011 McDonald's ikatangaza kuzipokea katika migahawa yake kote Uingereza. Kile kikomo kikapanda: pauni 15 mwaka 2010, pauni 20 mwaka 2012, pauni 30 mwaka 2015. Ulipokuja ugonjwa wa korona, watu wakiogopa kushika kitu kilichoshikwa na mwingine, kikawa pauni 45 mwezi Aprili 2020, na mwezi Oktoba 2021 kikafika pauni 100. Angalieni mpango wa mambo haya. Kila hatua ilikuwa ni kumwongezea ruhusa mwenye kadi. Hakuna hatua hata moja iliyosema, "Sasa asiye na kadi asile." Hiyo ilikuja yenyewe, kimya kimya, siku mwenye mgahawa alipojiuliza kwa nini aendelee kuweka droo ya fedha kwa ajili ya wachache.

Na kweli pale kwenye kaunta hapakuwa na droo. Tulitazama. Yule binti hata kama angetaka kumwonea huruma mzee, hakuwa na mahali pa kuziweka sarafu zake wala namna ya kuziandika. Jambo hili limetufikirisha kuliko yote. Zamani keshia alikuwa na uwezo mdogo wa rehema. Mtoto amepungukiwa na senti tano, keshia anasema, "Haya, nenda, utaleta kesho." Mama amehesabu vibaya, wa nyuma yake anamjazia. Kile kijisanduku hakijui kukaribia. Kinajua mawili tu, imekubaliwa na imekataliwa, na la pili hulitangaza mbele ya foleni nzima.

Je, sheria yasemaje? Tulidhani, kama yamkini na ninyi mnavyodhani, kwamba fedha ya serikali haiwezi kukataliwa na mtu. Sivyo. Katika sheria ya Uingereza yale maneno "fedha halali" yana maana finyu: mtu mwenye deni akitoa fedha halali kamili, hawezi kushitakiwa kwamba amekataa kulipa. Hayamlazimishi mwenye duka kupokea aina fulani ya malipo. Na sasa angalieni: katika mgahawa wa chakula cha haraka mtu hulipa kwanza, ndipo akala. Deni halijazaliwa. Laiti ingekuwa hoteli ya kwetu, yule mzee angekuwa amekwisha kula mkate wake, sarafu zake zingekuwa na nguvu fulani mbele ya sheria. Yaani sheria yao yamlinda kidogo aliyekwisha kushiba, na mwenye njaa bado haimjui.

Marekani wamelishughulikia jambo hili kwa namna nyingine. Jimbo la Massachusetts lilikuwa na sheria tangu mwaka 1978 ya kukataza maduka kumkataa mteja mwenye fedha taslimu. Mwaka 2019 mji wa Philadelphia ukapitisha yake, na jimbo la New Jersey likafuata mwaka huo huo; baraza la mji wa New York likapitisha yake Januari 2020. Hoja yao ilikuwa moja: kwamba wasio na akaunti ya benki si watu waliotawanyika ovyo, bali aghalabu ni maskini. Uchunguzi wa serikali yao wa mwaka 2023 ulikuta asilimia 4.2 ya nyumba zote za Marekani hazina akaunti yoyote ya benki, na kwa nyumba za watu weusi ilizidi asilimia 10. Kibao cha "Kadi tu" hakitaji rangi ya mtu, wala hali yake. Lakini ukisimama mlangoni ukawahesabu wanaorudishwa, utaona wanafanana. Migahawa mingine ilijirudi yenyewe. Ile ya saladi iitwayo Sweetgreen iliacha fedha taslimu mwaka 2017, ikatangaza mwaka 2019 kwamba itazipokea tena. Uingereza nako, taarifa ya uchunguzi iliyotolewa Machi 2019 ilisema kwamba watu wazima kiasi cha milioni 8, asilimia 17 hivi, wangepata taabu kuishi katika nchi isiyotumia fedha taslimu. Mzee wetu wa stesheni hakuwa peke yake, ingawa asubuhi ile alionekana hivyo.

Jioni tulipofika kwa binti yetu tukamsimulia, tukitazamia atatuunga mkono. Hakufanya hivyo. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Baba, mnamhurumia yule mzee kwa sababu mmemwona. Yule msichana wa kaunta mlimwona?"

Tukasema tulimwona, alikuwa mpole.

"Mimi nilikuwa msichana huyo miaka miwili, nikisoma. Saa sita ya usiku mnahesabu droo. Ikipungua pauni 20, kila mtu anamtazama mwenzake, na wanaanza kumtazama yule mweusi. Kisha mfuko wa fedha unapelekwa benki, na giza ndilo hilo. Mwenzangu alitishwa kwa kisu kwa ajili ya droo ile, akaacha kazi. Nani atavamia mgahawa aibe mlio wa pii?"

Hatukuwa na jibu usiku ule. Hata leo hatuna jibu kamili, wala hatutaki kujifanya tunalo. Mtu yeyote anayeandika juu ya jambo hili akamsahau mfanyakazi wa zamu ya usiku, ameona nusu tu. Mikono inayopika haishiki tena noti zilizopita mikono elfu; foleni inakwenda; kipofu hadanganywi chenji yake. Kama kipimo ni wingi wa watu wanaofaidika, hoja imekwisha, na mzee wetu ameshindwa kwa kura nyingi.

Lakini kula si jambo la kupigiwa kura. Hapa twataka mtuvumilie kidogo, maana tutarudi darasani.

Tulipokuwa chuo cha ualimu, mwanzoni mwa miaka ya 1980, tulikuwa na mkufunzi mmoja aliyetufundisha jambo ambalo halikuwa katika muhtasari. Alisema: ukishaandika ubaoni, weka chaki chini, tembea mpaka dawati la mwisho, keti, ukasome ulichoandika. Wengi wetu tulicheka. Tulipokwenda kufundisha mazoezi, tukaenda kuketi dawati la mwisho, tukaona haya: maandishi yetu mazuri yalikuwa mdudu tu juu ya ubao mweusi, na dirisha liliutia mng'aro hata nusu yake haikusomeka. Mtoto wa dawati lile alikuwa anafeli kila wiki, nasi tukimwita mvivu. Je, tulimchukia? La hasha. Je, tulipanga asome vibaya? Hatukupanga. Na bado alikuwa amedhulumiwa, na aliyemdhulumu ni sisi, kwa kosa la kusimama mbele siku zote na kuona kwamba mbele kunasomeka.

Ndivyo tunavyoiona habari ya yule mzee. Kuna kosa ambalo halina mtu mwenye nia mbaya ndani yake. Binti wa kaunta hana hatia, alitii kibao. Mwenye mgahawa aliwalinda wafanyakazi wake na kupunguza gharama. Benki iliwapa watu walichokipenda. Na sisi wateja wenye kadi tulipenda, basi. Kila tulipogusisha tulikuwa tunapiga kura ya kuiondoa droo, bila kujua kwamba kura inapigwa. Twagawana hatia ndogo ndogo mpaka kila mmoja anabaki na kipande kisichozidi peni moja. Ila njaa ya mzee haikugawanyika. Ilikuwa yake yote.

Yuko msomaji atakayesema: Mbona alikula? Si mlimlipia? Ndiyo, alikula siku ile, kwa kuwa mama watoto alikuwapo na wajukuu wanapenda sarafu. Sisi peke yetu tulikuwa tumekwisha kuharibu. Tumelifikiri sana lile jibu lake, "Mimi siombi," maana mwanzoni lilituudhi. Tuliona ni kiburi cha mtu aliyeshindwa kupokea wema. Sasa tunaona alikuwa anatetea kitu. Mtu anayenunua amesimama sawa na anayeuza. Amekuja na haki yake mkononi, anaondoka na haki yake kwenye trei, hakuna aliyebaki na deni la shukrani. Na kwa hilo migahawa hii ya chakula cha haraka yastahili sifa ambayo wasomi hawaipi. Katika hoteli kubwa mhudumu hukutazama viatu kabla ya kukupa meza. Katika mgahawa wa hambaga, mkurugenzi na mfagiaji wa barabara husimama foleni moja, hula chakula kile kile katika karatasi ile ile, kwa bei moja iliyoandikwa juu ya ukuta. Kwa maskini wa miji ile, na hasa kwa wazee wanaokaa peke yao, hapo palikuwa mahali pa kuketi penye joto kwa bei ya chai, bila kuombwa maelezo. Kumkatalia mtu sarafu zake hapo, kisha kumwambia "turuhusu tukulipie", ni kumtoa katika foleni ya wanunuzi na kumhamishia foleni ya waombaji. Sisi ndio tuliotaka kumhamisha, tena kwa tabasamu.

Kuna jambo la pili tuseme kwa ufupi, linalotuhusu sisi wenye kadi. Kwa majuma mawili tuliyokaa kule tulitumia fedha nyingi kuliko tulivyokusudia, na nyingi kati ya hizo zilikwenda kwenye chai na keki. Tulipotoa noti tuliiona ikiondoka. Tulipogusisha hatukuona kitu. Wako wataalamu waliolichunguza. Mwaka 2001 Drazen Prelec na Duncan Simester wa chuo cha MIT, Marekani, walieleza jaribio ambamo watu waliombwa kutaja bei ambayo wangelipa kwa tiketi za mchezo wa mpira wa kikapu. Walioambiwa kwamba watalipa kwa kadi walitaja bei iliyofika hata maradufu ya wale walioambiwa watalipa taslimu. Hiyo ilikuwa kadi ya mkopo, si hii ya kugusisha. Lakini sisi tulioona taarifa ya benki tuliporudi nyumbani hatuhitaji jaribio lingine. Maumivu madogo ya kutoa fedha yalikuwa mlinzi. Tumemwachisha kazi mlinzi huyo, tukaita maendeleo.

Wala tusifikiri kwamba mwenye kadi hatakuwa kamwe katika nafasi ya yule mzee. Tarehe 1 Juni 2018 mitambo ya Visa ilipata hitilafu huko Ulaya, na mamilioni ya malipo yakashindwa kupita. Jioni ile ilikuwa zamu ya wenye kadi kusimama kwenye kaunta na uso wa kuduwaa, na aliyekuwa na sarafu mfukoni ndiye aliyekwenda nyumbani ameshiba.

Sasa mtatuuliza, haya ya Uingereza yatuhusu nini sisi wa mtaa huu? Tungalinyamaza, kama si yaliyotokea tuliporudi.

Mnaijua kantini ya vijana wetu pale nyuma ya kanisa, inayouza chai, chapati na chipsi kila Jumapili baada ya ibada. Mwezi wa sita vijana walileta pendekezo katika kamati, ambayo sisi tu wajumbe wake: kuanzia sasa kantini ipokee malipo ya simu tu. Sababu zao zilikuwa njema, na tulizitambua kama mtu anayeisikia sauti ya binti yake. Fedha zilikuwa zinapungua, vijana wanashukiana, msichana mmoja alilia mbele ya wenzake kwa shilingi 6,000 zilizopotea, na baadaye ikaonekana hakuna aliyeziiba, chenji ilikosewa tu. Simu haikosei. Wajumbe karibu wote walikubali. Mtunza hazina alikwisha kufungua daftari aandike.

Tukaomba ruhusa ya kusema. Hatukusimulia habari ya stesheni, kwa sababu tunajua jinsi watu wanavyochoka na msafiri. Tuliwaomba tu wajumbe tutoke nje pamoja, twende mpaka mwisho wa foleni ya kantini, tusimame pale tutazame. Wengine walinung'unika, jua lilikuwa kali. Tukaenda. Mwisho wa foleni walikuwapo watoto wawili wa shule ya Jumapili, kila mmoja na sarafu ya shilingi 200 ya chapati ndogo, na bibi mmoja mnayemjua nyote, anayekuja kwa miguu kutoka ng'ambo ya mto, amefunga shilingi zake katika pindo la khanga. Simu hana. Alidhani tumemfuata yeye, akauliza, "Wanangu, kuna nini? Nimekosea foleni?"

Tuliporudi ndani hapakuwa na mabishano makubwa. Iliamuliwa malipo ya simu yawepo, na kopo la fedha taslimu libaki kwenye kaunta. Lakini yule msichana aliyelia alinyosha mkono akasema jambo moja: kwamba yeye hatalihesabu kopo hilo tena, wala mwenzake yeyote hatalihesabu, na kwa kuwa Mwalimu ndiye anayelitaka, basi Mwalimu alihesabu. Kamati ikacheka, ikakubali. Hatukuweza kukataa, binti yetu alikwisha kutufundisha kwamba droo haijihesabu yenyewe, na kwamba huruma ya mtu wa foleni hulipwa na mtu wa kaunta.

Basi tangu siku hiyo, kila Jumapili, watu wakienda nyumbani, sisi twabaki katika chumba cha nyuma na mama watoto na lile kopo, twapanga sarafu za hamsini kwa hamsini na za mia kwa mia. Jumapili iliyopita zilipungua shilingi 700. Tulihesabu mara tatu. Kisha mama watoto akatutazama, nasi tukatia mkono mfukoni.